Farasi Wanaofika Uyole: Je, Kigari cha "Sport" Kina Thamani ya Bei Yake Huku Nyanda za Juu?

Saa nne usiku mpwa wangu alinitumia picha tatu za Suzuki Swift jekundu, rimu zinang'aa, chini kaandika: "Mjomba, Swift Sport hii. Dalali yuko Mwanjelwa, anasema kuna watu wengine wawili wanalitaka. Nitoe advansi?"

Hao watu wengine wawili nawafahamu. Kila dalali wa magari anao, hawajawahi kununua kitu na hawachoki kutaka. Nikamwambia asubiri.

Kesho yake nikalipeleka suala hilo kijiweni, pale tunaponywea kahawa karibu na Mafiati, na hapo ndipo nilipoona mkanganyiko wenyewe. Mmoja alisema cc 1,600, yaani injini ya lita 1.6, kwenye kigari kile ni moto wa kuotea mbali, mlima Kitonga linapanda linaimba. Wa pili akacheka: hiyo ni Toyota IST iliyovaa rimu kubwa, utatoa mamilioni ya ziada upate kelele. Wa tatu, ambaye hana gari lakini ana maoni, akatangaza kwamba kitu chochote chenye tabo, ile turbo ya kushindilia hewa kwenye injini, ni ugonjwa. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na hakuna aliyegusa jambo linalotuhusu zaidi sisi tunaoishi Mbeya, Iringa na Njombe, nalo ni hewa tunayovuta.

Tuanze na majina. Hachibeki ni lile gari dogo ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo, buti na viti vikiwa chumba kimoja. Vitz, IST, Passo, Swift, Demio, Fit: nusu ya mji huu. Wapenda magari wa Ulaya wamezigawa hachibeki kwa joto, kama chai. Ya kawaida ya kupeleka watoto shule haipewi joto lolote. Ile yenye injini kali kabisa, kama Golf GTI ya katikati ya miaka ya 2000 yenye nguvu ya farasi 200, huitwa ya moto. Katikati kuna ya vuguvugu: mwili ule ule wa kigari cha kawaida, injini iliyoongezwa kiasi, springi ngumu kidogo, viti vinavyokukumbatia, na neno "Sport" au "RS" nyuma. Swift Sport ni ya vuguvugu. Vitz RS pia.

Joto hilo lakini linabadilika na nyakati. Golf GTI ya kwanza kabisa, iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 1975 na kuingia sokoni 1976, ndiyo iliyoanzisha homa yote hii. Ilikuwa na injini ya lita 1.6 na farasi 110. Sasa nenda Kabwe ukafungue boneti ya IST yenye injini ya lita 1.5, inayobeba abiria siku nzima. Ina farasi 109. Teksi iliyokupeleka sokoni jana imepungukiwa farasi mmoja tu na gari lililowatia Wajerumani wazimu. Mbona basi hukusikia wazimu wowote? Sababu mojawapo ni uzito: ile Golf ilikuwa na kilo mia nane na kidogo, IST imevuka tani.

Kwa hiyo mtu akikutajia farasi peke yake, ni kama muuza viazi anayekutajia bei ya gunia bila kusema kama ni gunia au lumbesa.

Farasi mmoja kwenye karatasi za magari ya Japani na Ulaya ni uwezo wa kuinua kilo 75 mita moja juu kwa sekunde moja. Chukua mtu mzima wa uzito huo, mnyanyue kutoka sakafuni mpaka urefu wa mita moja ndani ya sekunde moja, na umefanya kazi ya farasi mmoja. Gari la farasi 100 lina watu mia wa kufanya hivyo kwa pamoja. Lakini kuna kipimo cha pili ambacho madalali hawakitaji, nacho ni msokoto, yaani jinsi injini inavyoukaba mhimili na kuuzungusha. Fikiria kijana anayesukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa kupanda Iwambi. Msokoto ni nguvu ya mguu wake kwenye pedeli moja. Farasi ni nguvu hiyo ukizidisha na kasi anayokanyaga. Mwenye miguu dhaifu anaweza kufika juu sawa na mwenye miguu ya chuma, mradi akanyage harakaharaka mpaka jasho limtoke sikioni. Injini nayo hivyo hivyo: yenye msokoto mdogo hufika, ila lazima uivute mpaka ilie.

Hapo ndipo tunapopata aina mbili za karibuni za Swift Sport, na kuzichanganya ndiyo chanzo cha ubishi mwingi pale kijiweni. La kwanza, lililotoka kati ya 2011 na 2016, lina injini ya cc 1,586 isiyo na tabo, farasi 136 na msokoto wa Nm 160 (Nm ni nyutonimita, kipimo cha msokoto). La pili, la kuanzia 2017, lina injini ndogo zaidi ya cc 1,371 lakini yenye tabo, farasi 140 na msokoto wa Nm 230. Mwili wake pia ni mwepesi, kilo 970 kwa lile la gia za mkono. Cc zimepungua, nguvu imeongezeka. Yule mzee wetu wa "cc 1,600 ni moto" hapo tayari kapotea njia. Cc ni ukubwa wa mapafu. Haikuambii mtu anapumua vipi.

Angalia pia farasi hao wanapatikana wapi. Lile la kwanza linatoa farasi wake wote 136 injini ikizunguka mara 6,900 kwa dakika. Ni watu wangapi unaowajua wanaoendesha hivyo? Ukibadilisha gia kwenye 3,000 kama tunavyofanya wengi, umelipia zizi zima na unatumia nusu. Lile la pili linatoa msokoto wake wote kwenye 2,500, mahali ambapo mguu wa mtu wa kawaida hukaa kila siku.

Sasa hewa

Mtu yeyote aliyehamia Mbeya kutoka Dar anajua kwamba maharage hapa hayaivi upesi. Wengine husingizia maji, wengine kuni. Ukweli ni kwamba mji upo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Yanatokota, lakini si ya moto kama yale ya Kigamboni.

Hewa hiyo hiyo iliyokonda ndiyo injini inayovuta. Petroli haiungui bila oksijeni. Ukiwa na hewa kidogo unaweza kuchoma petroli kidogo, na nguvu inapungua. Kanuni ya mafundi ni kwamba injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Iringa mjini upo kwenye mita 1,600 hivi, Njombe karibu na 2,000. Hapa Mbeya tunazungumzia kupoteza kama asilimia 17. Baridi yetu ya Juni husaidia kidogo kwa sababu hewa ya baridi hujibana, lakini si kwa kiasi cha kuringia.

Piga hesabu. Swift Sport lisilo na tabo liliondoka Dar na farasi 136. Likifika Uyole lina kama 113. Farasi ishirini na tatu wameshuka njiani, mmoja mmoja, kati ya Morogoro na Igawa, na ushuru wao ulishalipwa bandarini. Hilo gari la kasi, hapa kwetu, lina nguvu karibu sawa na IST ya 1.5 iliyopo Kigamboni.

Wale wa "ni IST iliyovaa rimu" wasishangilie mapema. IST nayo inapanda mlima huo huo. Farasi wake 109 wanabaki kama 90. Vitz ya lita moja, yenye 71, inabaki na 59 hivi, na ndiyo maana ukiwa na mama, mashemeji wawili na ndizi za Tukuyu kwenye buti, unazima redio ili usikilize kama injini bado ipo. Hewa haichagui gari la kumnyang'anya. Inakata asilimia ile ile kwa wote wasio na tabo. Sport bado inaongoza, ila pengo lake na IST limeshuka kutoka farasi 27 kuwa 23.

Asiyeguswa sana ni mwenye tabo. Tabo ni mvukuto wa mhunzi. Mhunzi haachi moto wake utegemee upepo unaopita. Anausukumia hewa kwa ngozi. Tabo hufanya kazi hiyo kwa kutumia moshi unaotoka kwenye injini: moshi unazungusha gurudumu dogo, gurudumu hilo linazungusha lenzake upande wa pili, na hilo la pili linashindilia hewa ndani ya injini. Hewa ya nje ikikonda, mvukuto unaongeza bidii hadi ufikie kanieneo iliyopangwa. Nguvu hupungua kidogo, lakini si kama kwa wenzake. Ule msokoto wa Nm 160 wa Sport la zamani unafika Mbeya ukiwa kama 133. Ule wa 230 unafika ukiwa umepungua kiasi tu. Kwa hiyo magari mawili ambayo kwenye karatasi yametofautiana farasi wanne, huku kwetu ni magari ya ukoo tofauti kabisa. Mtu wa Tanga akisoma makala ya Japani inayolinganisha mawili hayo, inamhusu. Mtu wa Makambako inabidi aongeze mstari wake mwenyewe.

Kulipita lori

Niseme wazi kwamba kasi ya juu haina maana yoyote kwenye swali hili. Kuanzia Mbalizi mpaka Mafinga, kila penye vibanda pana kibao cha 50: Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako. Na nyuma ya mti pana tochi ya trafiki ya kupima kasi, na tochi ina faini ya shilingi 30,000. Gari la kilomita 195 kwa saa na gari la kilomita 150 kwa saa, pale Chimala ni gari moja.

Nguvu inahitajika mahali pamoja: nyuma ya semi la Tunduma lililobeba shaba au mbolea, linajikongoja kwenye mwinuko, na wewe una nafasi fupi ya kulipita. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu ya makadirio. Gari lenye watu watatu na mizigo, jumla kilo 1,300 (nimeyapa yote uzito mmoja ili nisipendelee), mwinuko wa asilimia 6, mita 1,700 juu ya bahari, kutoka kilomita 50 mpaka 80 kwa saa. Si farasi wote wanaofika kwenye matairi, nalo nimelihesabu kwa kukisia. Mwenye kipimo halisi atapata namba zake. Picha haitabadilika sana.

Vitz ya lita moja inahitaji kama sekunde 16. IST ya 1.5, kama 7. Swift Sport lisilo na tabo, kama 5, ukilivuta mpaka mwisho. Lenye tabo, tatu na nusu.

Tazama mahali faida ilipo. Kutoka Vitz kwenda IST umeokoa sekunde tisa. Katika sekunde 16 wewe umekwenda karibu mita 290, na lori linalokuja mbele kwa kilomita 60 limekwenda 267. Jumla ni zaidi ya nusu kilomita ya barabara iliyonyooka, kitu ambacho milima yetu haitoi bure. Kwa sekunde saba unahitaji chini ya nusu ya hapo. Hizo sekunde tisa ni uhai. Kutoka IST kwenda Sport la kwanza umeokoa mbili, na kutoka hapo kwenda lenye tabo moja na nusu. Zina raha yake, lakini zinapatikana pia kwa njia ya bei nafuu: kusubiri kona inayofuata.

Hii ndiyo sababu nikiulizwa na mtu mwenye Vitz ya lita moja anayekwenda Tukuyu au Njombe kila wiki akiwa amebeba, simwambii kabisa habari za Sport. Namwambia atafute lita 1.5 ya kawaida. Hatua ya kwanza ya nguvu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo ya bei ndogo.

TRA haijui raha

Bei ya Japani unayoiona kwenye simu ni mwanzo wa hadithi. Gari dogo lililotumika, likishushwa Dar, linatozwa ushuru wa forodha asilimia 25. Juu ya hapo ushuru wa bidhaa kwa cc: sifuri kama halizidi 1,000, asilimia 5 kwa 1,001 mpaka 2,000, asilimia 10 zaidi ya hapo. Kisha uchakavu: asilimia 15 kwa lenye miaka 8 hadi 10, asilimia 30 likizidi 10. Mwisho VAT asilimia 18 juu ya mrundikano wote. Zipo ada ndogondogo nyingine, na viwango hupitiwa kila bajeti ya Juni, kwa hiyo fungua kikokotoo cha TRA kabla ya kuuza ng'ombe.

Asilimia hizi hazijumlishwi, zinazidishana. Kwa gari la cc 1,001 hadi 2,000 lenye zaidi ya miaka kumi, kila shilingi milioni moja ya thamani inayokubaliwa na TRA inageuka karibu milioni mbili ukimaliza. Kwa lililo chini ya miaka 8, inageuka kama milioni moja na nusu na ushee. Tuseme Sport linazidi Swift la kawaida kwa milioni tatu kule Japani. Kama yote mawili ni ya 2012, tofauti yako Mbeya si tatu tena, ni sita. Umelipia springi na viti mara mbili, mara moja kwa Mjapani na mara ya pili kwa Hazina.

Na hapa watu hukosea upande mwingine. Wanadhani Sport lina ushuru mkubwa kwa sababu ya injini. Hapana, Swift la cc 1,200, Sport la 1,371 na Sport la 1,586 yote yamo kapu moja la asilimia 5. Kinachokuumiza ni thamani na umri. Ndiyo maana Sport jipya lenye tabo, ambalo bei yake ya Japani ni kubwa, likifika Dar uwiano wa bei yake na ya lile la zamani hupungua: la zamani limebebeshwa ile 30 ya uchakavu.

Bei hiyo inanunua nini kingine?

Injini ni sehemu tu. Sport lina breki za diski magurudumu yote manne, wakati IST ina ngoma nyuma. Ukishuka Kitonga na mzigo, au ukiteremka kutoka Tukuyu kwenda Kyela mvua ya Aprili ikiwa haijakata tangu juzi, utaelewa kwa nini nalitaja hili kabla ya viti. Bado utashuka kwa gia nzito, breki si za kukanyagwa mlima mzima, lakini akiba ni akiba. Usukani wake pia unakuambia tairi linafanya nini, na kwenye kona za Isyonje hilo lina thamani ambayo siwezi kuiwekea shilingi. Nimeliendesha gari la rafiki yangu njia hiyo mara mbili. Nilirudi nikiwa na tabasamu la kijinga, na mke wangu aliniuliza nimekunywa nini.

Halafu kuna upande wa pili wa rimu. Sport linavaa tairi 195/45 za inchi 17. Ukuta wa tairi hilo, ile mpira iliyopo kati ya rimu na lami, ni kama milimita 88. Tairi la 185/65 la inchi 15 ambalo IST nyingi huvaa lina kama 120. Sentimita tatu zinaonekana chache mpaka ukutane na shimo. Safari ya pili ile ile niliyoisifu ilimalizika kwa tairi kupasuka ubavuni kwenye shimo lililojaa maji. Nilizunguka maduka matatu mjini nikiulizia saizi hiyo. Wa tatu alinitazama kama nimeulizia tairi la ndege. Likaja na basi kutoka Dar siku mbili baadaye, na rafiki yangu, kwa heshima yake, hakunidai ila hajaniazima gari tena. Ongeza kwamba Sport jipya chini lina uwazi wa sentimita 12 tu, na matuta yetu mengine yalijengwa na watu waliokuwa na hasira. Kama shamba lako liko Matamba na unapandia zile kona za kutoka Chimala, funga ukurasa huu.

Spea ni habari ile ile. Ya IST unaipata Mwanjelwa kabla chai haijapoa. Vitu vya kawaida vya Sport, pedi, plagi, filta, havisumbui. Vile vinavyolifanya liwe Sport, kama shokomzoba zake, bampa na vioo vya taa, mara nyingi ni simu ya Kariakoo na kusubiri basi.

Yule wa tatu kijiweni, wa "tabo ni ugonjwa", ana kisa cha kweli nyuma yake, maana sote tunamjua mtu aliyeua tabo. Gurudumu la tabo ndogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na linategemea utando mwembamba wa oili. Ukiweka oili ya kubahatisha, ukipitisha muda wa kubadilisha, au ukifika kileleni Kitonga injini ikiwa inawaka moto na ukazima hapo hapo ukanunue mahindi, oili iliyobaki ndani inaungua na kuganda. Iache injini ipumue ikizunguka taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Ugonjwa upo, ila aghalabu mgonjwa ni mwenye gari. La kuliogopa hasa ni kwamba unanunua gari lililotumika na hujui aliyetangulia alikuwa mtu wa namna gani.

Mafuta yasikuchukulie muda mrefu. Sport linakula zaidi ya Vitz, si kwa kutisha, na injini ndogo inayokanyagwa mpaka chini mlima mzima nayo haifungi saumu. Kumbuka tu kwamba ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye lita, kwa hiyo mlaji mkubwa ndiye mlipaji mkubwa, na EWURA ikitangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi, ya Mbeya huwa juu ya ile ya Dar kwa sababu ya usafiri. Suzuki pia walilipangia Sport petroli ya daraja la juu. Vitz RS halina masharti hayo.

Kwa hiyo jibu langu kwa mpwa lilikuwa na vipande. Kwa mtu wa Soweto kwenda Sokomatola na kurudi, hakuna Sport lenye thamani ya pesa yake; utakaa nyuma ya bajaji ile ile. Kwa mtu anayetaka usalama wa kupita malori, 1.5 ya kawaida imeshatoa sehemu kubwa ya kile anachokitafuta. Sport la zamani lisilo na tabo ni la anayependa kuendesha, anayejua kuivuta injini, na anayekubali kwamba raha hiyo imetozwa ushuru mara mbili kisha ikapunguzwa asilimia 17 na Mlima Loleza. Sioni ubaya, watu hununua suti. Lenye tabo ndilo pekee ambalo urefu wetu kutoka baharini unalitetea, na kama pesa ipo na njia yako ni lami ya milimani, ningelitetea mbele ya kijiwe chote.

Kilichobaki kilikuwa kujua lile jekundu ni lipi kati ya hayo. Neno "Sport" kwenye mlango wa nyuma haliniambii kitu, linauzwa dukani. Namba ya chesisi haiuzwi kirahisi hivyo. Kwa Swift, ZC31S ni Sport la 2005 hadi 2010 lenye farasi 125, ZC32S ni lile la 136, ZC33S ndilo lenye tabo. ZC72S ni Swift la kawaida la cc 1,200 na farasi 91, gari zuri tu la kwenda sokoni, na hapa Mbeya farasi hao wanabaki kama 75.

Jumamosi tukaenda. Dalali, kijana mchangamfu, akanipa shikamoo mbili na kuanza kuwasha taa na muziki. Nikamwomba afungue boneti. Mpwa wangu akainama, akafuta vumbi kwenye kibati kwa kidole, akasoma kwa sauti, herufi moja moja, mpaka alipofika kwenye saba na mbili.

Dalali hakuyumba. "Lakini rimu, mzee wangu," akasema, "rimu ni za Sport kabisa."